Kivunde Juu ya Kituo cha Nne

Kazi yangu ni kupima maji. Nikimwambia mtu asiyenijua, moja kwa moja anafikiri nasoma mita mjini na kukatia watu bomba. Simkatii mtu. Naishi katika kitongoji kilicho nje kidogo ya Nyantakara, wilaya ya Biharamulo, ng'ambo ya kijito kutoka kwenye mgodi mdogo wa dhahabu, na kila Jumatatu na Alhamisi nauzunguka mgodi ule kwa miguu nikitazama hali ya maji. Ya chini ya ardhi yamepanda au yameshuka? Ya kijito yamebadilika au yako vile vile? Navaa viatu vya mvua, mkoba begani, kofia ya mume wangu kichwani. Naipenda kazi hii, jamani, hata siku ambazo mbwa wa walinzi wananibwekea kana kwamba hawajawahi kuniona.

Chini ya bwawa la matope, pale mgodi unapomwaga masalia yake, kuna mabomba saba ya chuma yaliyozamishwa ardhini, kila moja na kifuniko na kufuli. Funguo ninazo mimi na ofisa mazingira wa mgodi, basi. Nafungua, nateremsha kamba ya kupimia, ikigusa maji inalia piii, nasoma ni mita ngapi, naandika. Siku ya kuchukua sampuli napampu kwanza maji yaliyokaa ndani ya bomba mpaka yaje mapya, kisha najaza chupa, naweka dawa ya kuyatunza, nabandika karatasi. Nikitoka hapo nafuata kijito. Kituo cha Tatu kiko juu, karibu na daraja la magogo. Kituo cha Nne kiko chini, pale kitongoji chetu kinapochota maji ya kunywa. Chupa zinapanda pikipiki mpaka Biharamulo mjini, halafu basi mpaka Mwanza maabara, na majibu yanarudi baada ya wiki tatu.

Nilipataje kazi hii? Mgodi na serikali ya kijiji walikubaliana mpimaji awe mwanakijiji. Mkutano ukasema asiwe mtu aliyeajiriwa mgodini, asiwe ndugu wa mwenyekiti, awe amemaliza kidato cha nne. Ukiwaondoa hao wote kitongojini kwetu unabaki na watu wachache kweli kweli, na mmoja wao nilikuwa mimi, Mhangaza wa Kirushya huko Ngara, niliyekuja hapa kwa ndoa. Akasimama fundi baiskeli, mtu mmoja mwembamba mwenye sauti nene, asiyekosa mkutano na asiyekosa neno. Akasema, "Huyu mama posho yake inatoka wapi? Si mgodini? Basi atasema ya mgodini."

Mimi nina hasira za karibu. Nilisimama kabla mwenyekiti hajaniruhusu, nikasema, "Siku maji yakiwa mabaya nitasema ni mabaya, hata kama mwenye kosa ni mume wangu." Watu wakacheka, mume wangu akaanza kuvitazama viatu vyake. Lakini maneno yale nilikuwa nimeyasema mbele ya watu wote, na usiku ule nilielewa kwamba nimejifunga. Kipimo ni kizuri, kinameremeta, kimetoka mbali. Siku kitongoji kitakapoacha kuniamini, kipimo hicho kitakuwa mwanasesere wa kuchezea watoto.

Kwa miaka miwili hakukuwa na neno. Maji yalikuwa mazuri. Nilikuwa nayasoma majibu mkutanoni, watu wanapiga makofi mawili matatu, tunahamia kwenye habari za nguruwe wanaoharibu mashamba.

Sasa niseme habari ya kivunde, maana bila kivunde hakuna ninachosimulia. Huku kwetu mihogo tunayolima zaidi ni ile michungu. Haishambuliwi ovyo na wanyama, inazaa vizuri, unga wake mweupe pe. Ila ina sumu. Mtoto wa miaka mitano anajua: usiutafune mbichi. Kwa bibi yangu Kirushya mbuzi wawili walikula maganda wakafa kabla jua halijazama. Kwa hiyo tunaimenya, tunaitia ndani ya gunia, tunaizamisha majini siku tatu nne, mpaka ilainike na kutoa ile harufu kali ambayo mgeni anaziba pua na sisi tunaanza kusikia njaa. Hicho ndicho kivunde. Unakianika, unatwanga, unapika ugali unaovutika. Mama mkwe wangu, Msubi wa hapa hapa, anasema mtu asiyekula ugali wa kivunde hajashiba, amedanganya tumbo tu.

Nyumbani nilikuwa navundika kwenye pipa. Mama mkwe akawa analalamika kwamba pipa linanuka mlangoni pake, na kweli lilikuwa linanuka. Kisha kukaja kiangazi kirefu na mavuno makubwa, pipa likawa halitoshi. Njiani kwenye mzunguko wangu, kati ya Kituo cha Tatu na Kituo cha Nne, kuna dimbwi zuri, lina kivuli, maji yake yanatembea polepole. Nikasema moyoni, hapa ndipo penyewe. Jumatatu napita na gunia langu kwenye baiskeli, nalizamisha, naweka jiwe juu. Alhamisi narudi kupima, nalitoa. Safari moja, kazi mbili! Nilijiona mjanja kupita kiasi. Tena nilijiona mwangalifu, maana nilihakikisha gunia liko chini ya Kituo cha Tatu ili nisitibue maji ya sampuli yangu. Kwamba chini zaidi kuna Kituo cha Nne, hilo niliona ni mbali, maji yatakuwa yameshapita zake.

Kiangazi kikaendelea, kijito kikapungua mpaka ukawa unaweza kukiruka bila kukunja sketi. Majibu ya maabara yakaja. Ofisa mazingira alinipigia simu asubuhi niko shambani. Ni kijana wa Kilimanjaro, mpole, mkweli mpaka anaudhi. Ukimuuliza kama ugali wako ni mtamu atakwambia una mabonge. Akasema, "Dada, Kituo cha Nne kina sayanaidi. Imezidi kidogo kile kinachoruhusiwa."

Nilikaa chini pale pale kwenye matuta. Sayanaidi ndiyo dawa wanayoitumia mgodini kuitoa dhahabu kwenye mawe. Kila mtu kitongojini anaijua kwa jina, hata wasiojua kusoma, kwa sababu ndiyo kitu tulichoambiwa tukiogope tangu siku ya kwanza.

Mwenyekiti akapiga marufuku kuchota kijitoni. Watu wakaanza kupanda mlima kwenda pampu ya shule, saa nzima kwenda na kurudi, ndoo kichwani. Mama mkwe ana goti bovu, na ni mtu asiyependa kuletewa kitu. Nikimletea maji anayapokea kwa uso wa kufiwa. "Shikamoo mama, maji haya hapa." "Marahaba. Umechoka kwa ajili yangu." Hapo ndipo siku yangu inapoharibika.

Fundi baiskeli, yeye alikuwa kwenye sherehe. Karakana yake iko njia panda na kila anayepita alikuwa anaisikia hotuba. "Nilisema mimi! Mgodi umetunywesha sumu!" Na safari hii nilikuwa upande wake, nisifiche. Nilikuwa na hasira na mgodi kweli kweli. Nilipopita kwa fundi aliniinulia spana kwa heshima, akasema, "Mama wa maji, umethibitisha." Nikajisikia vizuri, mnisamehe.

Tulichukua sampuli upya, vituo vyote, na mabomba yote saba. Wiki tatu nzima za kupanda mlima. Majibu yakarudi: Kituo cha Nne bado kibaya. Kituo cha Tatu kisafi. Na mabomba yote saba, safi kabisa.

Hapo nilikaa na daftari langu mezani nikakuna kichwa. Bwawa la matope likivuja, uchafu unapita chini ya ardhi kuja kijitoni, na mabomba yapo katikati ya njia hiyo, yamewekwa pale kwa kazi hiyo. Yangekuwa ya kwanza kuonyesha. Sayanaidi iwezeje kuruka mabomba saba bila kugusa hata moja, iruke na Kituo cha Tatu, itue Kituo cha Nne? Ndege?

Ofisa mazingira akasema tukitembee kijito chote kutoka Cha Tatu hadi Cha Nne, hatua kwa hatua, tutafute sumu inapoingilia. Ilikuwa siku ya Alhamisi. Tulitembea yeye mbele mimi nyuma, tukichungulia kila ufa kwenye kingo, kila chemchemi ndogo. Tulipofika karibu na dimbwi akasimama, akakunja pua.

"Dada, hii harufu ni ya nini?"

"Hiyo? Hiyo haihusiani na mgodi," nikamwambia. "Ni kivunde changu. Twende."

Tukaendelea. Nilitembea kama hatua kumi hivi. Mguu wa kumi na moja ukagoma. Nilisimama katikati ya matete nimeshika kichaka kama mlevi. Tangu nizaliwe nimekuwa nikijua kwamba ukivundika mihogo sumu inatoka. Bibi alinifundisha, mama alinifundisha, mimi nimewafundisha wanangu. Hakuna hata siku moja niliyojiuliza, ikishatoka inakwenda wapi.

"Dada, vipi?" akauliza yule kijana.

"Mwiba," nikasema.

Huo ndio uongo pekee nilioutoa katika kazi hii, na niliutoa kwa mtu asiyejua kudanganya. Hakuwa na habari ya mihogo michungu. Kwao ni ndizi. Alinisubiri nitoe mwiba, mimi nikainama nikajifanya natoa mwiba, machozi yananilenga.

Jioni nilirudi peke yangu nikalitoa gunia langu. Niliwaza kukimwaga kile kivunde, lakini chakula ni chakula, nikakipeleka kukianika. Kisha nikamwambia mume wangu. Nilitegemea anionee huruma. Alicheka! Alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Ulisema utanitaja mimi," akasema, "kumbe ni wewe mwenyewe!" Nilimtupia kanga usoni. Alipomaliza kucheka akaniuliza, sasa akiwa amekaa vizuri, nitafanya nini.

Ndiyo, ningefanya nini? Nikinyamaza, gunia limeshatoka, maji yatajisafisha yenyewe, mgodi utabaki na lawama, na mimi nitabaki mama wa maji anayeinuliwa spana. Hakuna ambaye angejua. Nikisema, nitakuwa mpimaji aliyechafua maji anayoyapima, nikawapandisha mlima wazee kwa karibu mwezi mzima. Nani angesikiliza tena nikisoma namba? Nililala siku mbili na jambo hilo. Siku ya tatu niliamka na hasira, safari hii ya kujikasirikia mwenyewe, na hasira huwa inanisaidia. Mkutano ulikuwa Jumamosi.

Walikuja wengi kuliko siku zote. Walikaa kwenye nyasi mbele ya ofisi ya kitongoji, wanawake upande huu, wanaume upande ule, na ofisa mazingira amepewa kiti cha plastiki ambacho mguu wake mmoja hauaminiki. Mwenyekiti akanikaribisha nisome majibu. Nikasoma. Kituo cha Tatu, safi. Mabomba, safi. Kituo cha Nne, kibaya. Fundi baiskeli alikuwa tayari ameinuka nusu.

"Kaa kwanza," nikamwambia. "Sijamaliza."

Nikafunga daftari. Nikawaambia habari yote: mihogo, gunia, jiwe, dimbwi, Jumatatu na Alhamisi. Nikasema sumu ile iliyo kwenye mihogo michungu na sayanaidi ya mgodini ni jamaa moja, na kwamba nilipaswa kujua kabla ya mtu yeyote. Nikasema, "Niliahidi hapa kwamba nitamtaja mwenye kosa. Ni mimi. Naomba radhi, hasa kwa wazee mliopanda mlima."

Kuku alipita katikati ya mkutano na hakuna aliyemfukuza.

Fundi baiskeli akasimama taratibu. "Gunia moja," akasema. "Mnamsikia? Gunia moja la mihogo lichafue kijito kizima! Jamani, sisi watoto? Huyu amenunuliwa. Mgodi umebanwa, umetafuta mtu wa kujitwisha, amepatikana." Watu wakaanza kunong'ona. Niliwaona wakinitazama, watu ninaozikana nao, ninaowapikia kwenye harusi zao, nikaona macho yao yanabadilika.

Nikamgeukia ofisa mazingira. Nilidhani yeye atanitetea, maana niliyoyasema yalikuwa yanamwokoa yeye na mgodi wake. Mtoto wa watu alikuwa ametoa simu na kalamu, anasoma huku anaandika kwenye kiganja. Alipoinua kichwa alikuwa na uso wa mtu anayekwenda kutoa habari ya msiba.

"Kwa hesabu zangu," akasema, "anachosema dada kinawezekana. Mihogo michungu inaweza. Lakini gunia moja halitoshi. Yangehitajika mengi. Kumi, labda zaidi."

Laiti angeanguka na kile kiti chake! Fundi akapiga makofi. "Mmesikia? Hata mgodi wenyewe unamkana!" Minong'ono ikawa makelele. Mwanamke mmoja wa nyuma akasema kwa Kirundi, ambacho kwa Mhangaza ni kama lugha ya nyumbani, jambo ambalo nililielewa vizuri, na sitaliandika. Nilikuwa nimesema kweli, kweli yote niliyokuwa nayo, na ndiyo iliyokuwa ikinimaliza. Ningenyamaza wangeniamini. Nilihisi machozi, nikayakataza, yakaja hivyo hivyo.

Ndipo nikamwona mama mkwe anajiinua. Kwake kusimama ni kazi: fimbo kwanza, halafu mkono kwenye bega la jirani, halafu goti linalia. Mkutano ulimsubiri. Alipomaliza kusimama akatengeneza kitenge chake bila haraka.

"Na langu," akasema.

Mwenyekiti akauliza, "Lako nini, mama?"

"Gunia. Lipo pale pale dimbwini, chini ya yale matete. Natuma wajukuu wanalizamisha Jumanne, huyu akishapita na kamba zake. Hiyo maabala yenu iandike na langu."

"Mama!" nilipiga kelele. "Wewe si una lile pipa la nyumbani?"

"Pipa linanuka mlangoni kwangu," akanijibu mbele ya watu wote, kana kwamba mimi ndiye mjinga.

Mkutano ukachanganyikiwa. Kabla mwenyekiti hajapata la kusema, mama mmoja anayeuza dagaa akanyoosha mkono kama yuko darasani. Na yeye lake. Jirani yake, mawili. Mwanamke wa nyuma aliyenitukana kwa Kirundi, naye akasimama, akasema matatu, kwa Kiswahili na kwa sauti ndogo sana. Kisha wakawa hawasimami tena, wanasema wamekaa, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akionyesha kwa mkono upande wa dimbwi aliozamisha: kwenye mzizi, nyuma ya jiwe jeupe, chini ya matete. Mimi nilikuwa nikipita pale mara mbili kwa wiki na kipimo cha kigeni mkononi, na sikuwahi kutazama hatua tatu mbele ya gunia langu mwenyewe.

Ofisa mazingira alikuwa akiandika kwenye kiganja, kiganja kikajaa, akahamia kwenye mkono. "Kumi na tisa," akasema.

"Ishirini," ikasema sauti upande wa wanawake. Alikuwa mke wa fundi baiskeli. Alikuwa anatazama chini na anafuta vumbi kwenye sketi ambayo haikuwa na vumbi. "Ishirini, baba watoto. Pamoja na lile ambalo ulilipeleka mwenyewe kwa baiskeli."

Wee! Nimehudhuria mikutano mingi lakini sijawahi kusikia kicheko kama kile. Watu walilala kwenye nyasi. Mwenyekiti alijifuta macho kwa mhuri wa kijiji, au labda kwa kitambaa alichoufungia, sikuona vizuri kwa sababu na mimi nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja. Fundi akakaa. Kwa haki yake niseme kwamba alipokaa alianza kucheka pia, na alicheka kwa sauti ile ile nene anayolaumia.

Kicheko kilipotulia, mwenyekiti akauliza jambo ambalo mimi sikuwa nimelifikiria. Akasema, kijito hiki kina madimbwi mengi. Kuna moja karibu na kanisa, kuna lile la kwenye mianzi, na akina mama wamekuwa wakivundika huko na huko tangu yeye mtoto. Iweje mwaka huu magunia ishirini yakutane dimbwi moja?

Wanawake wakatazamana. Niliona kwamba wanalijua jibu na wanamwachia mama mkwe, ambaye bado alikuwa hajakaa, maana kukaa kwake nako ni kazi.

"Tulimwona huyu," akasema, akininyooshea fimbo. "Tulimwona anavundika pale. Tukasema, huyu ndiye anayejua maji. Kama yeye anatia chakula cha watoto wake pale, basi pale ni salama. Tukamfuata."

Hakulisema kwa lawama. Alilisema kama mtu anavyosema kwamba leo ni Jumamosi. Wanawake wakaitikia, eeh, ndivyo, tulimfuata, na mmoja akaongeza kwamba yeye alihamisha gunia lake kutoka kwenye mianzi baada ya kuniona mimi. Mimi niliyedhani naweza kupoteza imani yao nikisoma namba vibaya! Miaka miwili nimewasomea namba, wanapiga makofi mawili matatu. Kumbe muda wote walikuwa wakitazama wapi natua gunia langu.

Magunia yote yalitolewa siku hiyo hiyo. Wanaume walishuka kusaidia, fundi baiskeli akiwa wa kwanza kuingia majini na suruali yake, na mpaka jua linaingia kila paa kitongojini lilikuwa na kivunde kimeanikwa na kijiji kizima kinanuka. Ofisa mazingira alikula ugali wa kivunde kwetu kwa mara ya kwanza. Nilimuuliza ukoje. Akasema una harufu, lakini ataongeza. Sampuli iliyofuata ya Kituo cha Nne ilirudi safi, marufuku ikaondolewa, na mama mkwe akachota ndoo yake mwenyewe, ndogo, akaipandisha nyumbani kwa hatua zake na hakutaka nimguse.

Kabla ya hapo lakini, Jumatatu ile ya kwanza baada ya mkutano, wanawake walinisubiri njiani. Walikuwa kama kumi na watano, kila mmoja na jembe. Walikuwa wamekubaliana kwamba watachimba mashimo ya kuvundikia mbali na kijito, ya pamoja, watayapaka udongo wa mfinyanzi na kuyajaza kwa ndoo. Hawakuniuliza kama ni wazo zuri. Waliuliza jambo moja tu.

"Tuchimbe wapi?"

Nilitazama mteremko. Kulikuwa na mahali pazuri kwenye mkuyu, pana kivuli, ardhi laini, karibu na njia. Niliinua mkono kuonyesha, na mara kidole kilipoinuka majembe kumi na tano yakainuka pamoja nacho. Hawakungoja niseme neno. Na mimi sikujua hata kidogo maji ya chini pale yako umbali gani, wala yanaelekea kwenye kisima cha nani.

Nilishusha mkono haraka. "Ngojeni," nikawaambia. "Nipime kwanza."

Wakaweka majembe chini, wakakaa kwenye nyasi, wakaningoja.